Inchi Mbili Juu ya Chumba cha Mwalimu Bosibori

Nyinyi mafundi vijana mnaotembea na bunduki ya silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, kiunoni kama askari wa zamu, hebu iwekeni chini kidogo mnisikilize. Ikikauka humo mrijani msihuzunike. Paa za Kisii zitakuwa zimepata likizo.

Nimekuwa seremala miaka thelathini na tisa. Nimeacha kazi kwa sababu ya goti, si kwa sababu yenu, ingawa nyinyi pia mngetosha kunifukuza. Wanaonijua watashangaa kuona naongea hivi. Mimi ni mtu wa haya. Nilisoma hadi kidato cha nne, na tangu siku hizo za shule nina tabia ya kuandika daftarini yale niliyoshindwa kuyatamka mbele ya watu. Ndiyo maana nawaandikia. Ana kwa ana ningeangalia viatu vyenu tu, niseme "sawa", niende zangu.

Na hiyo "sawa" yangu ndiyo nataka kuwaeleza ilivyomponza mtu.

Siku hizi kila mwenye ploti kuanzia mjini Kisii hadi Nyamira anataka paa bapa. Kaona kwa simu. Mabati yanayoteremka ameyaona ya kishamba, ingawa babu yake aliyejenga nyumba yenye paa lililochongoka hakuwahi kulala na beseni kando ya kitanda. Sikilizeni: hakuna paa bapa. Paa lililo bapa kweli linaitwa bwawa. Paa zuri la zege lina mteremko ambao jicho halioni lakini maji yanauona. Halafu huyo mwenye bwawa, akishalipata, anataka alitoboe katikati aweke dirisha la kutazamia mbinguni. Nyinyi mnaliita skailaiti.

Sawa, mbingu ni nzuri. Lakini dirisha hilo halilazwi juu ya zege kama mkeka. Linakalia boksi la mbao: mbao nne zimesimama kwa ubavu kuzunguka tundu, zimeinuka juu ya paa kama kingo za kisima, ili maji yanayotambaa kwenye paa yagonge ukuta wa mbao na kwenda zao. Hilo boksi ndilo kazi. Kioo ni kofia. Na nyinyi mmekuwa mafundi wa kofia.

Mwalimu Bosibori anakaa mtaa wa Nyanchwa, chini kidogo ya kanisa la Waadventista. Alifundisha wasichana ushonaji na upishi mpaka akastaafu, kisha akaweka cherehani yake katika chumba cha nyuma chenye paa la zege, akawa anashona sare za kwaya. Makambi, ile mikutano mikubwa ya Waadventista, yakikaribia, nusu ya kwaya za upande ule huwa zimevaa mkono wake. Basi jirani akapandisha ghorofa tatu mbele ya dirisha lake. Chumba kikawa giza saa sita mchana. Na Mwalimu jicho moja lilishapasuliwa mtoto wa jicho, la pili linangoja zamu yake. Akabaki anatunga uzi kwa kupapasa.

Mwanawe Joash, anayefanya kazi Nairobi, alikuwa anataka mama ahamie kwake. Mama hataki. Wakavutana mwaka mzima, mpaka kijana akakubali kumwekea dirisha la paani. Siku niliyofika kupima tundu, alikuwa anaongea naye kwa simu, sauti ya wazi, nikasikia yote.

"Mama, nimekubali kwa sababu umenishinda maneno. Lakini tusikilizane. Likivuja hata tone, nakuja kukuchukua. Chumba chako kiko tayari huku."

"Na nyumba yangu?"

"Tutapangisha."

"Sawa, baba. Likivuja nitakuja."

Akakata simu, akanitazama mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya futi yangu ya kupimia. "Umesikia, Nyabuto? Nairobi nitaenda kufanya nini? Nikae kwenye kochi nisubiri mjukuu atoke shule anifundishe rimoti?"

Nikacheka kidogo. Lakini nilielewa: mama huyu alikuwa ameweka nyumba yake, cherehani yake na uzee wake juu ya mbao zangu nne.

Aliyekuwa ameshika kazi yenyewe si mimi. Alikuwa kijana mmoja ambaye kila mtu alimwita Injinia. Chuo alichosomea uinjinia sijui, na nadhani chuo nacho hakijui. Ana kofia nyeupe ya plastiki isiyo na mkwaruzo, na simu yenye picha za nyumba za watu wengine. Jumatano asubuhi alinionyesha moja.

"Mzae, cheki hii. Kioo kimelala tu juu ya paa, huoni hata mbao. Hii ni ya Dubai."

Dubai hunyesha lini? Hilo sikulisema. Niliandika jioni daftarini, lipo hata leo.

Nilichosema ni: "Boksi liwe na kimo gani?"

"Inchi mbili."

"Mbili?"

"Mbili zinatosha, mzae. Tukiinua sana itakaa kama jeneza juu ya nyumba ya mama wa watu. Silikoni itashika hapo chini. Hii ni ya kisasa, inashika hata meli."

Nilijua. Nataka mwelewe hapa, maana nyinyi mtasema mzee hakujua. Nilijua kama ninavyojua jina langu kwamba inchi mbili ni kizingiti cha kuku. Nikafungua mdomo. Nikaona vijana wake watatu wananitazama. Nikasema, "Sawa."

Kisha nikalitengeneza hilo boksi vizuri sana. Pembe nilizikata nusu kwa nusu zikakumbatiana. Nilipima kutoka kona hadi kona, nikapima mkingamo wa pili, zikalingana hata unywele haukupita. Nikalipiga randa mpaka likateleza. Hilo ndilo linaloniuma: nilifanya upumbavu kwa ufundi. Mjinga akifanya ujinga kazi inaonekana mbaya, watu wanashtuka mapema. Fundi akifanya ujinga, watu wanasifia.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Makori kule Nyansiongo, kwenye yale mashamba waliyoacha walowezi. Yeye alikuwa anatengeneza mahori ya mbao ya kunyweshea ng'ombe wa maziwa. Hori na boksi la dirisha ni ndugu: moja linazuia maji yasitoke, jingine linazuia yasiingie. Aliyeweza hori ataweza boksi. Aliyejifunza boksi kwa video ya dakika nne hataweza hata sanduku la sabuni.

Hori langu la kwanza nililitengeneza kwa mkaratusi mbichi, kwa sababu saiprasi iliyokauka ilikuwa mbali na mimi nilikuwa mvivu. Mzee aliona, akanyamaza. Baada ya wiki tatu za jua hori likajipinda kama mtu anayeumwa na tumbo. Upande mmoja maji yalimwagika, upande mwingine ndama akawa anaramba mbao. Mzee Makori hakunipiga wala hakunifokea. Aliniwekea kigoda kando ya lile hori, pale watu wanapopita kupeleka maziwa, akasema nikae hapo asubuhi nzima. Kila anayeuliza nani ametengeneza kitu hiki, nijibu kwa sauti: "Ni mimi."

Mtu wa haya, jamani. Ningependa viboko. Mama mmoja alipita mara mbili, mara ya pili bila maziwa, amekuja tu kuuliza tena.

Mchana Mzee akaja na chai. Akaniambia, "Tata, maji si kama wewe. Maji hayana haya. Yakiona mlango hayabishi hodi." Tata kwa Kigusii ni baba, na wazee wetu humwita hivyo hata kijana wakimhurumia. Tangu siku hiyo sikugusa tena mbao mbichi. Ya kuongea sikuyajifunza.

Turudi Nyanchwa. Ijumaa alasiri tuliweka boksi na kioo. Kulikuwa na karatasi nzito ya lami, ile inayobanikwa kwa moto wa gesi ikashikana na zege, ambayo ilitakiwa ipande kutoka kwenye paa, ilifunike boksi mpaka juu, ndipo kioo kikae. Injinia akatazama jua.

"Hatuwezi kumaliza leo. Jua likizama Sabato inaingia. Tutabanika Jumapili."

"Na mvua?" Hata mimi nilijishangaa kuuliza.

"Silikoni, mzae. Wacha stresi."

Akazungusha silikoni yake chini ya boksi kama anayepamba keki. Yeye ni Mwadventista, Mwalimu ni Mwadventista, vijana wake wote vilevile. Mimi ni Mkatoliki, lakini katika boma la Mwadventista Sabato hailindwi na wenye nyumba tu. Hata mgeni haruhusiwi kugonga msumari. Hilo mtu wa kwetu halifundishwi, anakua nalo. Saa kumi na mbili kasorobo kila mtu alishashuka paani.

Jumamosi nilikuwa soko la Daraja Mbili nikichagua koti la mtumba. Saa sita na nusu mbingu ikawa nyeusi upande wa milimani, upepo ukabeba maturubai, kisha ikaanza mvua ya mawe. Nyinyi mnaijua mvua yetu ya mawe. Haidondoki, inamiminwa. Kwa dakika kumi ardhi ilikuwa nyeupe, na majani ya migomba yamechanwa kama karatasi. Nimesimama nimekumbatia lile koti, muuza mtumba akaniuliza, "Mzee, unanunua ama unajikinga?"

Nilikuwa natazama mtaro wa soko. Mawe yalikuwa yamejisukuma mdomoni mwa mtaro pamoja na majani, yakauziba kabisa, na maji yakaanza kupanda nyuma yake. Yakapita kifundo cha mguu wa mtu. Nikaona paa la Mwalimu kama niko juu yake: ukuta mfupi unaozunguka, tundu moja tu la kutolea maji, mawe na majani yamelijaa, na maji yakipanda. Inchi moja. Mbili.

Nikapanda boda boda mpaka Nyanchwa. Mvua ilikuwa imepungua. Geti la Mwalimu lilikuwa limefungwa kwa ndoano tu. Ngazi yetu ilikuwa imelala kando ya ukuta, naiona. Ilikuwa kazi ya kupanda, kuingiza mkono katika tundu, na kutoa ile takataka. Dakika mbili.

Nilisimama nje ya geti.

Naandika hili kwa shida, lakini nimeshaanza. Nilifikiri: ibada inaisha sasa hivi. Watateremka mlima wote, waumini, wazee wa kanisa, kwaya nzima, wanikute mimi Mkatoliki juu ya paa la Mwalimu siku ya Sabato, mkono umezama katika bomba. Watasema nini? Nikajiambia nitasubiri nimwombe ruhusa mwenyewe. Nikajibanza chini ya mparachichi wa jirani, huku nasikia kwa masikio yangu mawili maji yakinong'ona mahali yasipotakiwa kunong'ona. Nilisubiri nusu saa nzima.

Mwalimu alikuja chini ya mwavuli, Biblia imefungwa katika mfuko wa nailoni. "Nyabuto! Umekuja kusali? Umechelewa, tumeshatoka."

"Mwalimu," nikasema, "naomba ruhusa nizibue paa."

Alinitazama, kisha akasikiliza. Akaingia ndani mbio, na mimi nyuma yake. Chumba cha cherehani kilikuwa na maji ya kifundo. Yalikuwa yakiteremka kuzunguka kioo pande zote nne, taratibu, kama pazia. Sare za kwaya zilizokuwa mezani, nyeupe, zimegeuka rangi ya saruji. Alisimama katikati na viatu vyake vya kanisani.

"Umekuwa hapo nje tangu lini?"

"Tangu mvua ikiwa kubwa kidogo."

"Na geti halikuwa na kufuli."

"Ni Sabato, Mwalimu. Sikutaka kuvunja..."

"Nyasae wangu!" akasema, akimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani. "Ng'ombe ametumbukia shimoni, na wewe unasubiri ibada iishe ndipo umtoe? Nani alikufundisha Sabato, Nyabuto? Maana si sisi."

Nikapanda. Nikazibua. Dakika mbili, kama nilivyosema.

Nikiwa naminya matambara pamoja naye, simu ikalia. Joash hupiga kila Sabato baada ya ibada. Mwalimu angeweza kusema mambo ni mazuri. Nilimwomba Mungu aseme hivyo. Akasema, "Limevuja."

"Tone?"

"Si tone."

Jumapili saa nne Joash alikuwa amefika na pikapu aliyoiazima kwa rafiki, na kamba za kufungia mizigo zimeshawekwa nyuma. Tukapanda paani wote: yeye, Injinia, mimi. Mwalimu akapanda pia, viatu mkononi, ingawa kila mtu alimkataza.

Injinia alianza. "Bosi, hii ni kazi ya Mungu. Mvua kama ile hakuna mtu anaweza kupangia. Na silikoni ilikuwa haijakauka. Naongeza mirija miwili hapa, hutaona tone tena."

"Na mvua ya mawe ikija tena?" Joash akauliza.

"Haiwezi kuja tena hivyo."

Kisii! Mvua ya mawe haiwezi kuja tena! Mtu amezaliwa hapa, amekula ndizi za hapa, amesikia mabati ya mama yake yakipigwa mawe tangu tumboni, halafu anasema hivyo kwa sababu simu yake haikuonyesha barafu huko Dubai.

Joash alishageuka kushuka. "Mama, twende tukapange vitu."

Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu. Ilitoka nyembamba, kama ya kijana anayebalehe. "Boksi ni fupi."

Wakageuka.

"Nilijua Jumatano. Inchi mbili hazitoshi. Tundu la maji likizibwa na mawe, maji husimama paani mpaka hapa." Nikawaonyesha alama ya tope iliyobaki kwenye ukuta mfupi: inchi nne na nusu. "Kimo cha boksi hakipimwi kutoka kwenye zege. Kinapimwa kutoka pale maji yatakaposimama siku mbaya kuliko zote. Nilijua, nikasema sawa. Ni mimi niliyelitengeneza."

"Ulijua," Joash akasema polepole, "na ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Mzae, usinichome hivi mbele ya bosi," Injinia akasema. "Kama ulikuwa na wazo si ungeleta?"

Na hapo alikuwa na haki, jambo linaloniudhi mpaka leo.

Mwalimu alikuwa ameinama anapima kile kiboksi changu kwa vidole vyake, kama anavyopima upindo wa sketi. "Joash," akasema, "ulisema dirisha likivuja ninaenda na wewe. Nimekubali na sirudi nyuma. Lakini kwa ninavyosikia, hapa halijawekwa dirisha bado. Imewekwa picha ya simu. Mpe Nyabuto aweke dirisha, ndipo tuone kama linavuja."

"Mama, unacheza na maneno."

"Nilikufundisha mimi kuongea."

Joash akatazama pikapu chini. "Nina ruhusa ya kazini mpaka Jumatano. Jumanne jioni nataka kuona maji mengi juu ya paa hili kuliko ya jana. Likitoka tone, Jumatano tunaondoka."

Sasa chukueni kalamu, maana haya hamtayakuta kwenye video.

Nilitafuta saiprasi iliyoachwa ikauke kwa mwaka mzima, ya inchi kumi kwa mbili. Ukiigonga kwa kidole italia kama mlango. Ile mbichi hulia kama nyama. Nikaipaka dawa ya wadudu pande zote na hasa vichwani, kwa maana mbao hunywa kwa kichwa. Pembe nusu kwa nusu, skrubu wala si misumari. Mbao ya mbele niliipunguza kimo kwa inchi moja kuliko ya nyuma, ili kioo kiiname na maji yasikae juu yake yakipiga gumzo. Chini ya boksi nikatandika ukanda wa lami, kwa sababu zege lina unyevu na litaipitishia mbao. Nikalishika kwa boliti zinazobana ndani ya zege.

Kisha kile kitu kidogo ambacho hamkifanyi kamwe. Pale mbao inaposimama juu ya paa kuna pembe kali. Karatasi ya lami ukiikunja kwenye pembe kali itapasuka, si leo, ni mwakani, ukiwa umeshabadilisha namba ya simu. Weka kijiti cha pembetatu kuzunguka boksi lote, karatasi ipande kwa mgongo na si kwa goti. Nilivikata vijiti hivyo mwenyewe, kila kimoja, huku Injinia akiuliza kama navichongea watoto.

Karatasi ikabanikwa kutoka paani, ikapanda boksi, ikakunjwa juu na kushuka ndani kidogo, pembe zimewekwa viraka. Aliyeshika moto wa gesi ni Injinia mwenyewe. Akaukaribia sana, mbao ikatoa moshi.

"Unabanika lami ama unabanika mahindi?" nikamwuliza. Kwa sauti! Vijana wake wakaangua kicheko. Ladha yake, acheni tu. Miaka thelathini na tisa nilikuwa najinyima.

Mwisho, nikatoboa ukuta mfupi nikaweka tundu la pili, inchi tano juu ya zege. Tundu la chini likizibwa, maji yatapanda mpaka inchi tano yatoke hapo, na boksi bado lina inchi zake nne za kujivunia. Mkisahau yote, kumbukeni hilo. Maji yapeni mlango mnaoutaka nyinyi.

Jumanne saa tisa Joash alisokota gunia, akaliziba tundu la chini kwa mikono yake na kulisindilia kwa mguu. Tukafungua mpira wa maji kutoka kwenye tangi. Maji yakatanda, yakafika kwenye boksi, yakaanza kulipanda.

"Mama yuko wapi?" Joash akauliza.

Tukainama juu ya kioo. Alikuwa chini yake kabisa. Alisogeza meza na cherehani mpaka katikati ya chumba, akatandaza kitambaa kipya cheupe, akaketi anashona sare. Hakutazama juu.

"Mama, ondoka hapo!" Joash akapiga kelele. "Tukikosea utalowa!"

Sauti yake ikatufikia hafifu kupitia kioo. "Kama kinavuja, kinivujie mimi. Msinizibie mwanga."

Tukajiondoa haraka. Inchi mbili. Nikaona kimo cha boksi langu la kwanza kikizama. Tatu. Nne. Nilitaka mno kusali lakini nilisahau maneno yote. Tano, na maji yakatulia, yakasita kwenye tundu la pili, kisha yakatoka mkondo mzima, yakaruka nje ya ukuta na kumwangukia Injinia, ambaye alikuwa ameshuka kuongea na simu. Matusi yake sikuyaandika daftarini.

Joash hakucheka. Alisubiri saa nzima kwa saa ya mkononi. Kisha akateremka, akaingia chumbani, akapanda juu ya kiti na kupapasa dari kuzunguka kioo chote kwa kiganja, kona hadi kona. Akatazama kiganja chake. Akakifuta kwenye suruali ingawa kilikuwa kikavu.

"Unatafuta nini?" Mwalimu akamwuliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Nimekuja na gari la watu, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekosa kitu. "Nimewaambia watoto nyanya anakuja. Sasa nitarudi nalo tupu?"

Mwalimu alikata uzi kwa meno, akainua sare kwenye mwanga na kuitazama kwa lile jicho lake zima.

"Nani amesema tupu? Nyuma ya nyumba kuna mikungu saba ya ndizi iliyoangushwa na mvua. Mwite Injinia apakie. Kazi hiyo haihitaji kipimo."